Miguu Yangu Imepona

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeamka sijalala. Nyayo zinawaka moto, utadhani nimekanyaga makaa — na ukizigusa ni za baridi! Mke wangu Lea anasema ni uzee na baridi ya Juni. Baridi ya Iguguno naijua tangu nizaliwe, haijawahi kumchoma mtu. Kuhusu uzee sikumjibu.

Fredrick kapiga simu toka mjini. Shikamoo baba, habari za mavuno, halafu wimbo ule ule: chumba chenu hapa Unyambwa kimeshapakwa rangi, njooni mpumzike. Nikamwambia miguu yangu mizima kama ya ndama. Mtoto huyu akijua ukweli, atakuja na gari siku hiyo hiyo. Nitakalishwa kwenye sofa nitazame televisheni mpaka nife. Na shamba? Na vitunguu vyangu bondeni? Simu ilipokatika Lea alikuwa ananitazama tu. Nikamwambia chai imepoa.

Jumatano, 4 Juni

Katika kijiji hiki ukiumwa mguu, kila mwenye mguu ni daktari. Jirani yangu Gasto kasema ni gauti, niache nyama ya mbuzi. Alisema hayo huku anafyonza mfupa wa mbuzi. Mama Scholastika wa kwaya kasema nimekanyaga kitu nilichotegewa. Nani anitegee mimi? Akanitajia watu, na wote ni watu wanaoazima jembe langu! Sasa wakiniua wataazima wapi?

Ijumaa, 6 Juni

Lea kashinda. Tumekwenda zahanati.

Nesi anaitwa Faith, umri wa mjukuu wangu. Shikamoo yake nzuri, mahubiri yake marefu. Kanitoboa kidole, kasoma kimashine, kasema sukari iko juu. Kisha nifumbe macho, aniguseguse vidole vya miguu kwa kiuzi kigumu, mimi niseme "hapo" nikihisi. Nilisema "hapo" mara nyingi tu. Naona nilifaulu, ila yeye alitikisa kichwa.

Kasema wazee wengi huumwa miguu kwa viatu vya kubana, sugu, gauti, viungo kusagika. Yangu mimi ni sukari, inakula mishipa ya fahamu. Nimeze vidonge. Nisitembee peku. Kila jioni nikague nyayo, na kila asubuhi nikung'ute viatu kabla ya kuvaa. Kukung'uta viatu! Mimi niliyekuwa bwana shamba wa kata, nikafundisha watu kilimo mpaka nikastaafu.

Tunatoka akaniita. "Babu, maumivu yakiisha ghafla, usishangilie. Njoo."

Hii ndiyo elimu ya siku hizi. Mgonjwa akipona arudi kulia.

Kanipa na karatasi ya kwenda hospitali mjini. Mjini — yaani mlangoni kwa Fredrick! Nimeikunja vizuri nikaitia chini ya mguu wa meza. Meza haichezi tena. Angalau imemponya mmoja wetu.

Jumatatu, 9 Juni

Mnadani kuna kijana anauza mafuta ya simba kwa spika. Toroli zima la chupa. Simba gani huyo, mnene kiasi hicho? Nimecheka sana. Nimenunua mbili.

Jumanne, 17 Juni

Imepona!

Sina maumivu hata chembe. Moto hakuna, kuchoma hakuna. Natembea kama nakanyaga godoro. Vidonge nimeacha, vya nini tena? Nimempigia Fredrick mwenyewe, nikamwambia aje Jumapili aone baba yake anavyotembea. Lea kaniuliza kama tusipite kwa yule nesi. Nikamjibu tangu lini mtu akapeleka afya zahanati.

Jambo jingine. Mkulima mwenzangu Damiani kaibiwa magunia ya alizeti jana. Nimeutoa ufunguo wa stoo pale msumarini, nimeuweka mahali ambapo hakuna mwizi mwenye pua atakayethubutu kutia mkono.

Ijumaa, 20 Juni

Ufunguo haupo. Nimepindua godoro, nimemwaga debe la mahindi, nimechungulia mpaka banda la kuku. Sijasahau nilipouweka. Umehamishwa! Na ndani ya nyumba hii tuko wawili. Lea kaapa hajaugusa. Nikamwambia basi labda kuku wameufungia stoo. Hakucheka.

Nikavaa gambuti nikateremka bondeni kwenye vitunguu, hasira ipoe. Kwenda na kurudi, na jana vilevile. Bila maumivu!

Jumamosi, 21 Juni

Lori la alizeti limekuja, stoo imefungwa. Aibu. Gasto kaleta nyundo, tukavunja kufuli. Kufuli zuri, la shaba. Nimesema mbele ya watu kwamba mke asiyeweza kutunza ufunguo mmoja ni mzigo. Lea kaingia ndani. Mpaka sasa hajanisemesha, chakula kaniwekea mezani kama mgeni.

Jumapili, 22 Juni

Fredrick kafika saa sita. Nilikuwa namsubiri uani na gambuti zangu. Nikamtembeza shamba lote, bondeni na kurudi. Yeye ndiye aliyehema! Nilifurahi jamani.

Kumbe kaniletea viatu, vya ngozi laini. "Baba, jaribu." Nikakaa, akanivua buti la kulia mwenyewe. Soksi ilikataa kutoka. Ililowa. Alipoivuta, kitu kikaanguka sakafuni, kikalia.

Ufunguo wa stoo.

Alama yake imebaki kwenye unyayo wangu, meno na yote, imechimba ndani, nyeusi pembeni. Na harufu yake si ya buti.

Nilisubiri Lea aseme. Ana haki ya kusema mpaka mwakani. Kaokota ufunguo, kaufuta kwa kanga, kaniwekea mkononi. "Baba Fredi, siku zote hizi ulikuwa unautembelea?" Basi. Ningependa anitukane.

Fredrick akapiga magoti. "Baba, fumba macho. Nimeshika kidole gani?"

Nikasema kikubwa, kwa sauti ya bwana shamba.

Nikafumbua macho. Mikono yake ilikuwa mapajani.

Kaondoka sasa hivi kutia mafuta kwenye gari. Karatasi ya nesi nimeichomoa mwenyewe chini ya meza, na meza imeanza tena, ndiyo maana mwandiko huu unayumba. Naogopa. Siku zote nilikuwa naogopa sofa tu.

Lea anakunja nguo zangu. Nimemwambia shati moja linatosha, kesho nitakuwa nimerudi, vitunguu vinataka maji. Anakunja la nne. Nimemwambia viatu vipya asivifungashe, nitaondoka navyo miguuni. Kaviangalia. Katoa kimoja, cha kushoto, kakiweka karibu yangu. Cha kulia kakirudisha ndani ya boksi.