Uso Chini ya Namba ya Zakayo

Dada yangu Peris,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye chai. Mama anaendeleaje? Uliniambia kwamba macho yake yanazidi kufifia, na kwamba hali ugali mpaka umkaripie. Endelea kumkaripia, mimi niko mbali na sauti yangu haimfikii. Mwili wangu ni mzima. Mvua inanyesha kila alasiri na chai inachipua vizuri, ila mashambani hakuna tena watu wa kuimba. Husikika mashine za kuchumia tu.

Nakuandikia kuhusu picha ya ndugu yetu Zakayo, ambayo Mama aliiomba tulipotoka kaburini kwake. "Nipeni uso wake niuone kabla macho hayajafungika," alisema, nami nikamwahidi. Unajua jinsi Zakayo alivyozikimbia kamera. Kitambulisho chake nacho kilichukuliwa kwa chifu tulipoandikisha kifo. Nilitegemea jambo moja tu: wachumaji wote walipigwa picha zamani, na picha hizo zimo katika seva, ile kompyuta kuu ya kiwanda, ambayo mimi ndiye niitunzaye.

Sasa seva hiyo ilijaa. Diski yake imegawanywa kama shamba la urithi. Sehemu ya kwanza ni ya seva yenyewe. Humo hukaa programu zinazoiendesha, na humo pia mtangulizi wangu alikuwa amerundika picha za wachumaji. Programu za mashine mpya za kuchumia zilipoongezwa, sehemu hiyo ikakosa nafasi kabisa. Alhamisi mizani ya kupimia majani, inayoitegemea seva hiyo, ilikwama. Majani yalikaa ndani ya magunia mpaka yakaanza kupata joto na kubadilika rangi, na madereva wakanipigia kelele dirishani: "Mzee, amsha hiyo kitu yako! Chai itaiva kabla iingie kiwandani!"

Nilifuta mafaili ya muda na mabaki ya masasisho ya zamani. Mizani ikaamka, lakini nafasi niliyopata ilikuwa ndogo. Meneja wetu, binti mwenye adabu, akaja akasimama mlangoni.

"Mzee Eliakimu, futa wale walioachishwa kazi. Hawarudi."

"Nipe mpaka Jumapili. Kuna njia ya kuipanua diski."

"Na ikikataa?"

"Ikikataa, nitawafuta."

Alipoondoka, niliona heri niitoe picha ya Zakayo kwanza. Niliandika namba yake ya kazi. Jina likatokea, kamili, bila kosa. Uso haukuwa wake. Ulikuwa uso wa Kipkorir, yule Mkipsigis aliyechuma mstari mmoja naye, aliyekuja kwenye mazishi na kulia kuliko sisi.

Kipkorir sasa anauza viazi sokoni Silibwet. Nilimfuata Jumamosi, nikamwonyesha picha kwenye simu. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Hii ni mimi, mzee. Usikasirike. Walisema asiyepigwa picha siku hiyo anatoka kazi. Na Zakayo alikuwa amekimbilia nyumbani, baba yenu amekufa. Nikasimama mara mbili. Ya kwanza na kofia, ya pili bila kofia."

"Na karani hakukutambua?"

"Karani alikuwa anaangalia namba. Nani aliangalia sura ya mchumaji?"

Nilitaka kumkemea, dada, kwa maana ule ulikuwa udanganyifu. Lakini udanganyifu huo ndio uliomhifadhia ndugu yetu kazi, naye hakuwahi kuniambia, akijua ningemkemea pia. Kipkorir alinijazia mfuko wa viazi, akasema ni vya Mama. Nilivipokea kwa mikono miwili.

Jumapili, baada ya ibada, kiwanda kikiwa kimezimwa, niliipanua diski. Nafasi tupu ilikuwapo mwishoni, lakini katikati palikuwa na kisehemu kidogo chenye zana za kuitengeneza seva ikiharibika, na sehemu moja haiwezi kuruka jirani yake. Nilitunza nakala ya kila kitu, nikakiondoa kile kisehemu, nikaivuta ile ya kwanza mpaka mwisho. Kosa moja hapo huangamiza yote yaliyomo. Ilikubali.

Kuwafuta kusingenipotezea chochote, kwa kuwa uso nilioutafuta haukuwamo. Lakini kila uso ule huenda una mama yake mahali fulani, anayeungoja. Jumatatu meneja alitazama kioo cha kompyuta, akasema polepole, "Basi waache walale humo." Nafasi sasa ni tele, na wachumaji hawapo.

Msalimie shemeji, na umwambie asilime peke yake na mgongo ule. Wasalimie mjomba na mwalimu wa kwaya aliyetuimbia kwenye kaburi la Zakayo. Watoto wako waambie nitawauliza masomo nikija Desemba. Nitakuja na Kipkorir. Ameomba kumwona Mama.

Kuhusu picha, usimwambie Mama kwamba imepotea, kwa maana huo utakuwa uongo. Mwambie haikupigwa kamwe. Siku ile wenzake walipopanga foleni mbele ya kamera, Zakayo alikuwa nyumbani, ameketi ubavuni mwa Mama, tukimzika Baba.

Ni mimi nduguyo,
Eliakimu