Chupa ya Njaa Imenenepa

Jumatatu, 3 Machi

Chupa ya njaa imegeuka waridi — bakteria wake wameongezeka! Hiyo nimeinyima kila kitu — maji na chumvi tu. Bakteria wa chupa ya pili nawapa methanoli, pombe yenye kaboni moja. Kidogo wanajengea mwili, kinachobaki wanachoma wapate nguvu. Hao kunenepa ni haki yao. Lakini hawa wengine wanakula nini? Upepo?

Profesa kaja, katazama, kanuna. Ati nimechanganya chupa. Mimi! Jumatatu ijayo niwe na maelezo, la sivyo naanza utafiti upya. Mwaka mzima uende na maji hivihivi!

Jumanne, 4 Machi

Shangazi, ninayekaa kwake, hana huruma. Ati nimewanyima wadudu chakula, sasa wamejitafutia, nalia nini? Halafu nisogee mbali na meza, manukato yangu yanamharibia chai. Siku hizi najimwagia kama naenda kuposwa.

Nilikasirika. Kisha nikaacha kijiko hewani. Manukato ni pombe. Pombe ina kaboni!

Kabati la joto, zinamokaa chupa, lina mlango wa kioo, na maabara nzima hatuna kioo kingine. Kila asubuhi najitazama hapo, najipulizia hapohapo. Mlango wenyewe haufungi vizuri — fundi analitengeneza wiki ya tatu sasa. (Ana shingo nzuri. Hilo halihusiani na utafiti.) Mvuke unaingia, unapenya pamba ya chupa, wageni wanakula. Kumbe mpishi ni mimi! Aibu gani hii.

Nimeweka chupa mbili mpya za njaa, kila moja kwenye kopo lake lililofungwa. Kopo moja lina pamba yenye manukato. Nasubiri.

Jumatatu, 10 Machi

Ya manukato — waridi! Nyingine maji matupu. Profesa kacheka mpaka kavua miwani. Utafiti umepona! Nilitaka kumkumbatia.

Laiti angeishia hapo. Akachora mstari wa ukuaji ubaoni: hapa umelala, hapa unapanda ghafla. Akauliza nilianza lini kujipulizia. Nikasema sikumbuki. Akasema mstari unakumbuka: tarehe 17 Februari.

Fundi alikuwa sakafuni na bisibisi yake. Akainua kichwa.

"Si ndiyo siku niliyoanza kazi hapa?"

Nikakumbuka ghafla kwamba nina vyombo vya kuosha. Nimeosha hata visafi.

Jumanne, 11 Machi

Leo sabuni tu. Profesa kabandika tangazo mlangoni: MANUKATO MARUFUKU.

Mlango wa kabati umepona tangu jana. Fundi kaja hata hivyo, ati kuhakikisha. Kafungua, kafunga. Kafungua tena. Na ananukia — jamani, ananukia mpaka koridoni!

Profesa kaingia. Kanusa. Kanitazama mimi.

"Nani tena analisha bakteria wangu?"

Fundi kafungua mlango tena, masikio yamemwiva kwa haya. Profesa bado amesimama hapo, anangoja jibu, nami nimeinama naandika kama mtu anayeandika vipimo —