Pointi za kumrusha mama

Mwenzangu, nimeumbuka! Niko uwanja wa ndege na hasira zangu.

Unakumbuka nilivyong'ang'ania kadi ya kukusanya pointi ya lile shirika kubwa la ndege kila nikisafiri kikazi? Ukaniambia, "Chukua ya lile dogo linaloruka humu nchini." Nikakuona mshamba!

Basi leo nimemleta mama nimkatie tiketi kwa pointi zangu, aende kwa dada aliyejifungua. Kavaa viatu vipya, masikini. Hajawahi kupanda ndege!

Binti wa kaunta ananitabasamia: "Pointi zako ni za safari za nje tu."

Za nje tu! Nikamwambia dada yangu anaishi humu humu nchini. Akarudia taratibu, kama anamfundisha mtoto kusoma: "Za nje tu."

Yaani mama yangu naweza kumpeleka ng'ambo, ambako hajui mtu, ila kwa mwanawe siwezi! Nimefoka mpaka foleni nzima imegeuka.

Mama akanivuta kando, akaninong'oneza: "Usigombane na watu, mwanangu. Nikatie hiyohiyo ya nje. Ikipita juu ya nyumba ya dada yako, nitampungia mkono mjukuu wangu."