Besi Juu ya Moshi

Soweto, Mbeya
4 Mei 2023

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo imeanza. Masikio je? Nakuandikia kwa sababu simu huisikii tena tangu mashine za kiwanda cha Mgololo zikumalize.

Usicheke. Nina miaka arobaini na moja na nimeanza kujifunza besi la kusimama, kama lako. Kanisani lipo moja, tunaligombania wanafunzi watatu. Mwalimu Tumpe ananifundisha kushika upinde. Vidole vimetoka malengelenge, na sauti ninayotoa ni ya ng'ombe mgonjwa.

Baba, naomba lako. Nije Agosti nikupigie, wewe uweke kiganja mgongoni mwake. Mwalimu anasema hata asiyesikia hulisikia besi kwa mkono. Ila literemshe kutoka darini juu ya moto wa jikoni. Anasema joto huachanisha gundi.

Mwanao,
Faustina

Mlandege, Iringa
11 Juni 2023

Kamwene mwanangu,

Mimi sijambo, mguu tu unanisumbua. Barua niliipata, nikakaa nayo.

Besi ni la Edmund. Kaka yako akirudi kutoka Dar atalikuta. Wewe ni mke wa watu. Nikikupa, limehamia kwa wakwe zako, akina Kalinga. Na huyo mwalimu wako hajui dumuzi wa Iringa wanavyotoboa mbao na nafaka. Mama yangu aliweka mbegu za mahindi juu ya moshi miaka yote, na hakuna punje iliyotobolewa. Litakaa hapo hapo.

Baba yako

Soweto, Mbeya
25 Juni 2023

Baba,

Shikamoo, na pole na mguu.

Edmund ana miaka tisa hajakuletea hata salamu. Ulipokuwa ukimfundisha sebuleni, yeye akisinzia, mimi nilikuwa nje dirishani nabonyeza vidole kwenye mpini wa jembe. Ulinikuta, ukanituma maji. Iliniuma, na bado inaniuma.

Basi mpe Edmund. Lakini literemshe.

Mwanao,
Faustina

Mlandege, Iringa
3 Septemba 2023

Kamwene mwanangu,

Natumaini mu wazima. Agosti hukuja, wala sikulaumu.

Edmund alikuja, siku mbili. Nikamteremshia besi kwa mikono yangu, jeusi kwa masizi. Nikaweka kiganja mgongoni kama ulivyosema. Alipokaza waya wa kwanza, nikasikia kwa mkono ubao ukiachia. Shingo ikang'oka, tumbo likafunguka. Edmund akacheka, akanisemea sikioni kwa nguvu kwamba hata hivyo kupiga alishasahau. Kesho yake akaondoka.

Mbegu juu ya moshi haiharibiki. Nikadhani na besi ni hivyo hivyo. Mwalimu wako alisema kweli, na wewe ulisema kweli. Vipande nimevitia kwenye gunia. Ni vyako.

Baba yako

Soweto, Mbeya
15 Oktoba 2023

Baba,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje?

Gunia siji kulichukua. Baridi ikirudi, washia moto.

Jumapili nilipiga wimbo mzima kanisani, bila kukosea. Mzee Alinanuswe akaniuliza mbele ya watu nimefundishwa na nani. Nikasema, baba yangu. Mwalimu Tumpe alikuwa amesimama hapo hapo, na hakunisuta.

Mwanao,
Faustina