Kadi Iliyoandikwa "Safi"

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Natumai barua hii inawakuta wazima, wewe, Mama na watoto. Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie asishindane na zile ngazi za nyuma, ndoo za maji wabebe wengine. Mimi mwili hauna neno. Mengine nitayasema taratibu, maana nilipokuja kwenu mdomo ulinishinda mara nne, nikaona labda mkono utathubutu.

Najua kazi yetu ya ghalani hukuwahi kuielewa vizuri, na mumeo, shemeji yangu, si mtu wa kueleza. Zile bunduki za kwenye masanduku zilipakwa grisi kabla sijazaliwa, zisije zikaliwa na kutu. Kwa miaka yote hiyo grisi ilikauka, ikawa ya kahawia na ngumu kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa dirishani. Ilipoamuliwa askari wa misitu wapewe bunduki hizo, tukawekwa watu sita kuzisafisha. Unatenganisha chuma na mbao, unakitumbukiza chuma kwenye pipa la maji ya moto, unakisugua kwa brashi na mafuta ya taa. Halafu unapitisha tambara ndani ya mtutu kwa ufito, tena na tena, mpaka litoke jeupe. Mwisho unauelekeza mtutu kwenye mwanga na kuchungulia. Ukiona tundu liko wazi, unaandika "safi" kwenye kadi, unatia sahihi, unaifunga kadi kwenye kitako.

Wenzangu waliniita Umeme, kwa kuwa nilimaliza sanduku la pili wao wakihangaika na la kwanza. Jina lile lilinipanda kichwani, sikufichi.

Shemeji alikuwa nyuma ya ghala, kwenye uwanja wa shabaha. Kila bunduki ikitoka kwetu aliijaribu kwa risasi moja, na kanuni ilimtaka naye achungulie mtutu kwanza. Za wengine alizichungulia zote. Zangu hakuzichungulia. Msimamizi alipomuuliza sababu, alicheka, akasema shemeji yake akimwangusha, anajua pa kwenda kumshitaki.

Yaliyotokea Alhamisi ile unayajua. Mtutu ulipasuka mikononi mwake, ukaondoka na vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Kwenye uchunguzi waliniuliza kama niliusafisha, nikasema nilipitisha tambara mpaka likatoka jeupe. Chuma kilikuwa vipande vipande, hakuna aliyeweza kunibishia. Shemeji, mkono ukiwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, akasema kama nimesema nimesafisha basi nimesafisha. Akaongeza kuwa huenda yeye mwenyewe aliiegemeza bunduki vibaya, udongo ukaingia. Wakaandika uzembe, wakamwachisha kazi, na ninyi mkahamia kwa Mama.

Nilikuwepo mezani siku ile ulipomfunga vifungo vya shati huku ukisema, watoto wakisikia, kwamba mtu mzima haoni hata kilicho mbele ya pua yake. Ulinigeukia mimi unithibitishie. Dada, nilitikisa kichwa kukubali. Nikaongeza kwamba silaha haitaki masihara. Yeye aliendelea kutazama sahani yake.

Sasa nalitoa lililonikaa moyoni. Alhamisi ile msimamizi alikuwa ametuambia kuna wageni wa makao makuu watakaokuja saa nane, naye anataka sanduku liwe tupu. Nilibakiwa na bunduki moja. Ufito ulikwama katikati ya mtutu. Niliusukuma, ukagoma, mle ndani grisi ilikuwa imeshikana kama gundi. Maji ya pipa yalikuwa yamepoa, kuyachemsha upya ni nusu saa. Niliuchomoa ufito, nikaifuta bunduki kwa nje mpaka ikang'aa, nikaandika "safi", nikatia sahihi. Nilijiambia nitaifuata baada ya chakula. Kisha wageni wakafika, mmoja akanisifu kwa wepesi wangu, na bado nilikuwa nikitabasamu mlio uliposikika.

Hakuna udongo wowote ulioingia. Ni mimi.

Jumapili iliyopita ulipokwenda sokoni na Mama, nilimwambia shemeji. Nilipiga magoti sakafuni kama mtoto. Hakushangaa. Alisema alijua tangu siku ile, maana mkono wa shati lake ulinuka grisi iliyoungua. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza kwenye uchunguzi, na nyumbani pia, siku zote hizi. Akasema, "Dada yako ana ndugu mmoja tu. Mimi kugombezwa nimeshazoea." Akaniinua kwa mkono ule mzima, akaniomba nisikuambie kamwe.

Hilo nimemkaidi. Jana nilikwenda kwa msimamizi, nikaandika maelezo mapya na kuacha funguo za kabati langu mezani kwake. Amesema jalada litafunguliwa tena na jina la shemeji litasafishwa. Mimi aliniangalia tu, na nilitamani anitukane. Umeme hawaniiti tena. Hawaniiti kwa jina lolote.

Sikuombi msamaha, sina uso wa kuuombea. Nakuomba tu ukiikunja karatasi hii uende ukakae karibu na mumeo, hata kama hamtasema kitu.

Mama usimsomee. Nitakuja Jumamosi nimwambie mwenyewe, na mkifunga mlango nitasimama nje. Wabusu watoto kwa niaba yangu, kama bado unaona inafaa wabusiwe na mjomba wao. Nawaombea afya njema nyote, na goti la Mama lipone.

Ni mimi,
mdogo wako wa pekee.