Rula Yenye Uzi Mwekundu

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kukuomba radhi: nimekosea katika tasnifu yangu, na kosa limekufikia wewe. Natumaini magoti yamepungua kuuma. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Kama kanuni za utafiti wa simulizi za maisha zinavyoagiza, nilibadilisha jina lako, shule na mwaka. Rula niliiacha, kwa kuwa niliona inaipendezesha sura ya tatu, ile ya mwanafunzi uliyempiga sikioni. Jana mtahini wangu alifunga mlango, akauliza, "Ilizungushiwa uzi mwekundu, sivyo?"

Uzi huo ulinisimulia wewe, nami sikuuandika popote. Nilijibu, "Ndiyo, Mwalimu," kabla akili haijanirudia.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale. Usingizi ndio umehama. Nilikusimulia yale kwa kuwa wewe ni damu yangu, nawe ukayapiga chapa. Haya, maji yamekwisha mwagika. Nijibu moja tu, wala usinipambie kwa Kiswahili cha chuoni: huyo mtahini wako akikusikiliza, anatega sikio lipi?

Shangazi yako

14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo mfukoni siku mbili.

La kulia. Hugeuza kiti kwanza, ndipo husema, "Endelea." Nilidhani ni madaha ya wasomi.

Nimeomba kuiondoa sura hiyo, amekataa. Hatatia saini mpaka amwone mwenye rula. Sijamtajia unakoishi. Niandikie neno moja tu, nami nitaiacha shahada. Naogopa, Shangazi, na sijui kama hofu hii inakutetea wewe au inanitetea mimi.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Usiache chochote. Nimekawia kwa sababu mara tatu nimeandika "hapana", mara tatu nikaichana barua. Miaka thelathini, kila mlango ukibishwa, nimedhani ni mama wa mwanafunzi yule. Hata sasa naogopa. Mwandiko wenyewe huu, kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Rula ninayo bado. Nitaiweka mezani, aichukue akitaka. Wewe kinasa sauti chako kiache huko huko. Ukifika, kiti changu kiweke upande wake wa kulia, nisije nikalisema neno la kuomba radhi mara mbili, sitaliweza.

Mlete Alhamisi, saa kumi alasiri.

Shangazi yako