Lori Lisilompa Mtu Mgongo

Mwanga, Kigoma

Kaka Nehemia,

Shikamoo kaka. Natumaini Dodoma wanakulisha vizuri na kile kikohozi kimekuacha. Huku sote wazima. Mama hajambo, ila goti tu, na mimi nazidi kupendeza, waulize watu. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu unaanza kufoka kabla sijamaliza.

Lori lako sasa linakimbia! Ulivyoniachia, kwenye lami ya Kasulu injini ililia kama mbuzi anayepelekwa buchani, na bajaji zilitupita abiria wakitupungia. Niliona aibu kwa niaba yako. Fundi Meshack wa Ujiji akasema dawa ni kubadili difu ya nyuma, lile bonge la chuma lenye gia za kuzungusha matairi, tufunge yenye gia za mbio, injini izunguke polepole na matairi yakimbie. Alinionya kwamba mlimani na mzigo itakosa nguvu. Nikamjibu milima ni ya waoga.

Sasa posa yako. Unajua Mzee Ntakarutimana wa Bangwe aliwakataa washenga wetu wa kwanza, eti walipanda gari wakampa mgongo, hata kugeuka kupunga hawakugeuka. Safari hii Mama akaniambia niwapeleke wazee mimi. Nikapitia Katonga kupakia dagaa, maana sipendi lori liende tupu, wazee wakakaa juu ya magunia na suti zao. Tulipokelewa, tukala, lakini mzee alikuwa bado amenuna. Akasema atafikiri.

Kuondoka ndiko kulikoniumbua. Kwao ni bondeni, na pale kilimani pa kutokea nilitia gia namba moja, lori likagoma, likaserereka nusura liingie jikoni kwao. Nikakumbuka rivasi ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Nikaligeuza, nikapanda kilima chote kinyumenyume, pua ya lori ikiwaelekea wenyeji. Wazee nao, wakiogopa kuanguka, waliwakazia macho wakipunga mkono mmoja mpaka juu.

Asubuhi akaja mjumbe. Kaka, umepewa Armelle! Mzee amesema tangu atoke Burundi hajaona watu wenye adabu namna ile. Mkeo mtarajiwa, nasikia, alilia kwa furaha. Na mama yake ametoa sharti moja tu: siku ya harusi binti aondoke vilevile, wawe wanatazamana mpaka apotee kilimani.

Basi nikiri. Ile haikuwa adabu, ilikuwa difu. Na ile ya zamani hairudi: nilimpa Hamdani mvuvi aifanye nanga, upepo ukamkatia kamba, na kina cha ziwa letu unakijua.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Rozalia anauliza rangi ya vitenge. Suti yako mwambie fundi aikazanie mbele. Mgongo wako Bangwe hawatauona.

Ni mimi mdogo wako mpendwa (naomba nibaki hivyo),
Bariki, dereva